Bangili za Soksi

Zulia lilifika shuleni Jumatatu asubuhi, limeviringishwa na kufungwa kamba, na ilibidi wanaume wanne walibebe kulipandisha ngazi hadi maktaba. Lilikuwa zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa katika biashara ya samani za maofisini. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na lilikuwa nene kiasi kwamba ukilikanyaga unasikia kama sakafu inakupokea. Mkutubi alisaini karatasi ya mapokezi bila kuisoma, akapiga magoti na kulipapasa kwa viganja vyote viwili.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameitunza maktaba ile, chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi walimwita Mama Vitabu. Walimpenda hasa kwa ulimi wake. Mwanafunzi akichelewesha kitabu, atamuuliza kama kitabu kimeoa huko kwao na sasa kinaona taabu kurudi. Akimkuta mtu amesinzia juu ya kamusi, atauliza kwa sauti ya upole amefika neno gani kwenye ndoto. Wengine walikuwa wakija maktaba kwa ajili ya kutaniwa tu, na yeye alilijua hilo na lilimfurahisha.

Sakafu ya chumba kile ilikuwa saruji tupu. Msimu wa baridi watoto walisoma wamekunja mguu mmoja chini ya paja, wakibadilisha kila baada ya kurasa chache, juu ya mabenchi magumu ambayo mojawapo lilikuwa likiyumba tangu siku ya kwanza alipoajiriwa. Kwa hiyo lilipotandikwa zulia, mabenchi yakahamishiwa uvunguni mwa ngazi, na yeye akatunga sheria. Aliiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni: VUA VIATU. KAA RAHA. SOMA. Fundi seremala wa shule akamtengenezea rafu ya viatu yenye ngazi tano. Yeye mwenyewe alinunua viatu laini vya kitambaa, vilivyofunikwa mbele, akawa anavivaa humo ndani tu. Alisema yeye yuko kazini, anapanda kwenye stuli, na kitabu kikimwangukia kidoleni nani atalipia hospitali. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Watoto wa kidato cha kwanza walilala kifudifudi na vitabu mbele ya pua, miguu ikipepea hewani. Mwalimu wa hesabu alichungulia, akasema hiyo sasa si maktaba, ni chumba cha kulala. Mkutubi akalichukua neno lile kama sifa.

Baada ya siku chache alianza kuwajua wanafunzi kwa viatu vyao. Kulikuwa na waliokanyaga visigino mpaka kiatu kikageuka kandambili. Kulikuwa na raba nyeupe zilizopakwa rangi nyeusi ya viatu ili zipite ukaguzi wa getini, na ambazo ziliacha alama nyeusi kwenye rafu. Kulikuwa na viatu vikubwa vilivyojazwa karatasi mbele, vya mtu ambaye bila shaka atavivaa mpaka atakapomaliza shule. Na mchana, baada ya chakula na michezo, kulikuwa na harufu. Alinunua manukato ya chumbani na kuyapuliza kila saa nane, akitembea kati ya watoto na kopo mkononi kama anayemwagilia maua, akiwatania kwamba leo jibini limeiva. Watoto walicheka. Baadhi yao walivuta miguu yao chini ya sketi na suruali, lakini hilo hakulitilia maanani.

Sasa, kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye mkutubi mwenyewe ndiye aliyempa jina la Kurasa, kwa jinsi alivyozimeza. Alikuwa mrefu, mkimya, na alitembea amebana vitabu kifuani kana kwamba kuna mtu atakayempokonya. Kwa miaka miwili alikuwa na nafasi yake kwenye dirisha la mwisho, na baada ya masomo alikuwa akibaki kumsaidia mkutubi kugundisha majalada yaliyobanduka. Wawili hao waliweza kukaa saa nzima bila kusemezana na wote wakaridhika.

Wiki ile ya kwanza ya zulia Kurasa hakuonekana. Alikuja Jumatano ya wiki ya pili, siku ambayo mvua ilikuwa imewafukuza watu wote uwanjani na maktaba ikafurika. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, akiisoma ile sheria ya mistari mitatu kana kwamba ni sura nzima. Mkutubi alimwona.

"Ingia, Kurasa," alimwita. "Zulia haling'ati."

Msichana akainama na kuvua. Viatu vyake vilikuwa vya plastiki, vyeusi, vile vilivyofinyangwa vikafanana na ngozi mpaka mishono. Soksi zake zilikuwa nyeupe kabisa, zimepandishwa sawasawa, hata alama ya pasi ilionekana. Lakini mguu ulipotoka kwenye kiatu, ulitoka mtupu. Soksi iliishia kwenye kifundo. Sehemu ya chini, iliyokuwa imeoza, ilikuwa imekatwa, na ukingo ukapindwa kwa sindano na uzi mweupe, mishono midogo midogo iliyokwenda sawa. Kiatu kikiwa mguuni, hakuna ambaye angejua.

Neno lilimtoka mkutubi kabla hajaliangalia.

"Mwenzetu, hizo ni soksi au ni bangili?"

Chumba kizima kilipasuka. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati na bado kicheko kiliishinda. Watoto walijiviringisha kwenye zulia, wengine wakasimama ili waone vizuri. Na mkutubi naye alicheka. Ulikuwa miongoni mwa utani wake mzuri, mwenyewe aliona hivyo, na alivua miwani akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kurasa alitabasamu. Hilo ndilo lililomdanganya mkutubi. Msichana alitabasamu, akaweka viatu kwenye rafu, akaenda kukaa dirishani, akakunja miguu chini ya sketi, akafungua kitabu na kusoma mpaka kengele ilipolia.

Kisha hakuja tena.

Mkutubi hakulihusisha jambo moja na jingine. Aliona tu kwamba idadi inapungua. Kwanza akasema ni mitihani, halafu akasema ni mvua, halafu akasema ni uvivu. Kwenye kikao cha walimu alisimama akalalamika kwamba watoto wa siku hizi hata ukiwatandikia kitanda hawasomi, na walimu wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Aliketi akiwa ameridhika na jinsi alivyolisema.

Zilipita kama wiki tatu. Siku moja wakati wa mapumziko alikuwa anapeleka karatasi ofisini, akapita karibu na mabomba ambako wasichana walikuwa wakiosha vyombo. Mmoja akaita kwa sauti, "Bangili! Mwalimu wa darasa anakutafuta!" Na Kurasa, aliyekuwa ameinama bombani, akageuka. Aligeuka kama mtu anavyogeukia jina lake, bila hasira, akakung'uta maji mikononi na kwenda zake.

Mkutubi alimshika bega msichana mdogo wa kidato cha kwanza aliyekuwa karibu na kumuuliza kwa nini yule anaitwa vile. Mtoto alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu, kwa fahari, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokidondosha.

"Kwani umesahau, mwalimu? Si wewe ndiye uliyempa?"

Mkutubi alimuuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kama ni kwa sababu hiyo watu hawaji tena maktaba. Mtoto akafikiri, akasema wengi tu hawaji, wanaogopa wasije wakapewa majina. Wengine soksi zao zimetoboka, wengine miguu yao ina fangasi, na kuna kaka mmoja wa kidato cha nne ambaye hana soksi kabisa, anapaka rangi nyeusi kwenye vifundo ili ifanane na soksi za wavulana. "Mimi soksi zangu nzima," alimaliza, na kuinua mguu kumwonyesha.

Mkutubi alifika ofisini, akaweka karatasi kwenye meza isiyo yake, akarudi. Alikaa kwenye kiti chake akilitazama zulia. Hakikuwa kile kicheko cha watoto kilichomsumbua, kwa kuwa watoto hucheka. Alikuwa akikumbuka ncha ya kitenge chake na yale machozi aliyoyafuta.

Siku iliyofuata alifanya jambo aliloliona jema. Alipita dukani, akanunua jozi tatu za soksi nyeupe nzito, akazifunga kwenye karatasi ya kaki, akamvizia Kurasa nje ya darasa. Alimwambia hiki ni chako mwanangu, usifungue hapa. Msichana alipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kwa adabu, akasema ahsante mwalimu. Mkutubi aliondoka akiwa mwepesi.

Asubuhi yake alifungua sanduku la vitabu vinavyorudishwa. Ndani kulikuwa na vitabu vitatu alivyokuwa ameazima Kurasa, vimewekwa kwa mpangilio. Juu yake kulikuwa na chupa ya gundi na ile brashi ndogo aliyokuwa ameachiwa aitunze. Na juu kabisa kulikuwa na furushi la kaki, halijafunguliwa.

Mkutubi aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye sebule yao ilikuwa pia karakana yake. Jumamosi mchana, dada akiwa anapachika zipu kwenye sketi ya mtu, alimsimulia yote. Alisimulia akizunguka, akitanguliza mvua na kujaa kwa watu, akisema utani ni utani na wao wamemzoea. Dada yake hakusimamisha mashine mpaka alipofika kwenye furushi lililorudishwa.

"Soksi hizo ulimnunulia yeye," aliuliza, "au ulijinunulia wewe usingizi?"

Mkutubi akainama kuokota pini sakafuni.

"Na wewe ulivua siku ngapi humo ndani?"

"Mimi niko kazini, dada."

"Mdogo wangu." Dada yake aliondoa miwani. "Viatu vile vilikuwa vyangu. Mimi ndiye niliyekuachia. Hivyo usinieleze mimi habari za kazini."

Kwa kweli hakukuwa na mtu mwingine katika maisha yake ya sasa aliyejua. Alipokuwa mwanafunzi, mkutubi alirithi viatu vya dada yake, ambaye alikuwa na mguu mdogo kuliko wake, na kwa miaka minne aliingiza miguu yake mle ndani kila asubuhi kwa kujikaza kisabuni, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo. Vidole havikusahau. Kidole gumba cha kila mguu kililala juu ya jirani yake, kile cha tatu kilipinda kama ndoano, na kwenye maungio kulikuwa na vinundu. Chuoni mwenzake wa chumba aliviona siku moja akaita wengine waje waone. Tangu siku hiyo hakuwahi kuvua soksi mbele ya mtu. Hata marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba amemuoa mwanamke kuanzia vifundoni kwenda juu.

"Umewatungia watoto wa watu sheria ambayo wewe mwenyewe huiwezi," dada yake alisema, akarudisha miwani na kuendelea na zipu.

Jumatatu mkutubi alimwomba mwalimu wa darasa ruhusa, akamwita Kurasa wakakaa uvunguni mwa ngazi, mahali palipohifadhiwa yale mabenchi. Msichana alikaa ncha ya benchi, mikono magotini, kama aliyeitwa ofisini kwa kosa.

Mkutubi alimwambia amemkosea.

"Yalishapita, mwalimu."

"Hayajapita. Nimesikia wanavyokuita."

Kurasa aliangalia mikono yake. Aliposema, hakumtazama.

"Nilizipinda mwenyewe. Mama alisema nikizipinda vizuri hakuna atakayejua. Na kweli, miezi minne hakuna aliyejua."

Mkutubi akakimbilia kuahidi. Alisema atasimama paredi mbele ya shule nzima, aombe radhi kwa sauti ile ile aliyotania nayo. Hapo msichana ndipo alipomtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu.

"Tafadhali usifanye hivyo. Sasa hivi wanaoniita ni darasa letu na wale wadogo. Ukisimama paredi itakuwa shule nzima."

"Basi nifanye nini, mwanangu?"

"Sijui, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi tu."

Alilisema kwa adabu, na halikuwa na kejeli yoyote. Mkutubi aliona kuwa amefanya tena: amemkosea mtoto, kisha amempa kazi ya kutafuta dawa. Akamruhusu aende. Kurasa aliinuka, akapitisha mkono juu ya ubao wa benchi, akasema kwamba yeye alikuwa anayapenda haya ya zamani, kisha akapanda darasani.

Mkutubi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule kuomba zulia liondolewe, au walau sheria ya viatu ifutwe. Mkuu wa shule, mtu mstaarabu aliyependa mambo yaende kwa mpangilio, hakuelewa anaambiwa nini. Alhamisi mfadhili aliyelitoa zulia anakuja na mpiga picha, alisema. Baada ya hapo watazungumza. Kisha akamkabidhi kazi. Achague watoto ishirini wa kukaa kwenye zulia siku hiyo, nadhifu, wenye soksi za kuonyesheka.

Na yeye, badala ya kusema hapana, akasema sawa mkuu.

Hilo lilimuuma kuliko yote baadaye, alipokuwa akiyapanga makosa yake. Jumanne alizunguka madarasani na orodha mkononi, akiwasimamisha watoto mstari mmoja, akiwaambia kila mtu avue kiatu kimoja. Hakutania. Alitazama, akaandika jina au hakuandika, akaenda kwa anayefuata. Waliopitwa walijua wamepitwa kwa nini. Katika darasa la pili aliloingia, mvulana mmoja alisema yeye hataki kupigwa picha, kabla hajaulizwa, na hakuinama kuvua. Darasa la tatu kulifikia lilikuwa la Kurasa. Mkutubi alifungua mlango, wanafunzi wakasimama kumwamkia, naye akamwona pale nyuma, amesimama kama wenzake, mkono mmoja tayari umeanza kushuka kuelekea kwenye kiatu. Mkutubi alisema samahani, amekosea darasa, akafunga mlango. Orodha yake iliishia kwa watoto kumi na mmoja.

Alhamisi mfadhili alifika, kijana wa miaka arobaini hivi, suti ya buluu, mpole, mwenye maneno ya kuchekesha. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye zulia wameshika vitabu, soksi zao zikimeta. Mpiga picha alitaka mgeni aingie akae katikati yao. Mkuu wa shule akamwonyesha rafu ya viatu kwa heshima.

Mfadhili alitazama rafu. Akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa, kisha watoto.

"Mimi nitasimama hapa hapa mlangoni," alisema.

"Nami nitasimama na mgeni," mkuu wa shule akadakia.

Mpiga picha akaeleza kwamba kutoka pale mlangoni zulia halitaonekana. Wote wakacheka kicheko kikavu na hakuna aliyesogea. Mkutubi alikuwa ndani, ndani ya viatu vyake vya kitambaa. Yule mtoto wa kidato cha kwanza wa bombani, aliyekuwa mmoja wa wateule, akainua uso na kuuliza, bila utovu wowote wa adabu, kama anayeuliza maana ya neno gumu.

"Kwani wakubwa hawavui?"

Mkuu wa shule alikohoa. Na mkutubi, ambaye hakuwa amepanga lolote, aliinama na kuvua viatu vya kitambaa. Kisha akashika rafu kwa mkono mmoja na kuvua soksi, moja baada ya nyingine. Uzi wa zulia ulimgusa nyayo kwa mara ya kwanza. Mtoto mmoja alitoa sauti ya kicheko, akaizuia kwa kiganja.

"Zulia lako ni zuri sana, baba," alimwambia mfadhili. "Lakini tangu lilipotandikwa, wanaosoma humu wamepungua nusu. Kosa si la zulia. Sheria ya kuvua niliiweka mimi, na mwenyewe sikuwa naifuata kwa sababu ya hii miguu. Kisha mtoto mmoja akaifuata, nami nikamcheka. Hawa unaowaona nimewachagua kwa soksi zao."

Kama alitarajia kitu baada ya hapo, hakikutokea. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyelia. Mpiga picha alishusha kamera. Mkuu wa shule alikuwa anatazama dirishani. Mfadhili akasema kwa sauti ya chini kwamba alipokuwa akisoma hapo alikuwa na jozi moja tu ya soksi, akiifua kila jioni na kuivaa ikiwa bado mbichi, na kwamba hakufikiri. Lakini hata yeye hakuvua. Picha ilipigwa nje, chini ya kibao cha shule, na zulia halikuonekana.

Mkutubi aliitwa ofisini kabla ya saa kumi. Mkuu wa shule hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alimweleza kwamba amemfedhehesha mgeni, ameifedhehesha shule, na amewafedhehesha watoto kumi na mmoja ambao hawakuwa na kosa ila kuwa na soksi safi. Kwenye hilo la mwisho mkutubi aliinamisha kichwa, kwa sababu lilikuwa kweli. Alisaini barua ya onyo na kurudi kazini.

Wiki iliyofuata zulia liliviringishwa tena, likahamishiwa ofisini kwa mkuu, ambako wageni walilikanyaga na viatu vyao. Mabenchi yakarudi juu. Watoto nao wakaanza kurudi, si wote, na si kwa wingi ule wa zamani.

Habari ya vidole vya mkutubi ilikuwa imeenea shule nzima kabla mapumziko ya Alhamisi ile hayajaisha. Kuna aliyevichora ubaoni, vizuri mno, na nundu zake zote. Kufikia Ijumaa alikuwa na jina jipya: Tangawizi. Alilisikia mara ya kwanza akipanda ngazi, likitoka nyuma yake kwa mnong'ono, na kabla hajajizuia akawa amegeuka. Akasimama pale, mkono kwenye chuma cha ngazi, uso unamwaka. Alijua sasa jinsi mtu anavyogeuka. Kwa siku kadhaa alijifariji kwamba labda Tangawizi litalimeza lile jingine, kwamba watoto hawawezi kubeba majina mawili kwa pamoja. Waliweza. Yote mawili yaliishi.

Kurasa alirudi maktaba muhula uliofuata, mitihani ilipokaribia. Alisimama mbele ya meza na viatu vyake miguuni, akaomba karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma. Mkutubi alimtafutia, akaziweka sawa, akaandika jina lake kamili kwenye daftari, polepole, kila herufi. Utani ulimjia ulimini, mdogo tu, kuhusu wingi wa karatasi zile, akaumeza.

"Karibu tena," alisema.

"Ahsante, mwalimu."

Alikaa karibu na mlango, si dirishani, akasoma mpaka kengele. Baada ya siku hiyo alikuwa akija mara moja moja. Hawakukaa tena pamoja baada ya masomo, na majalada yaliyobanduka mkutubi aliyagundisha peke yake. Hakumwuliza kama amemsamehe. Aliona kwamba hata kuuliza kungekuwa kumtwisha mzigo mwingine.

Mwaka uliofuata kidato chao kilimaliza. Siku ya mwisho mkutubi alikuwa amesimama karibu na geti akipokea vitabu kwa waliosahau kurudisha. Wanafunzi walikuwa wanapita makundi makundi na mabegi yao, wakiitana. Kurasa alikuwa tayari ameshavuka geti alipoitwa kutoka nyuma na rafiki yake, kwa mapenzi kabisa, kwa sauti kubwa: "Bangili! Nisubiri!"

Akageuka, akacheka, akasubiri. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya wenzake yakafika kwa mkutubi. Mkutubi aliinama kwenye kreti la vitabu, akajifanya anatafuta kitu chini kabisa, na akaendelea kutafuta mpaka alipokuwa na hakika kwamba wameondoka.